Simu Ikutajie Jina la Anayepiga: Mwongozo Kamili kwa Android na iPhone

Simu inaita na mikono yako ina sabuni. Au unaendesha gari, au umepanda ngazi unapaka rangi, au simu iko kwenye chaji chumba cha pili. Ungejua ni nani, ungeamua mara moja: kukimbilia au kuiacha ilie. Kwa asiyeona, au ambaye macho yake hayasomi tena maandishi ya skrini, kutajiwa jina ndiko kunakompa uwezo wa kuamua mwenyewe apokee simu ya nani. Uwezo huo umekuwamo kwenye simu kwa miaka mingi. Hata Nokia za vitufe zilizotumia mfumo wa S60 zilikuwa na kipengele cha kutaja jina la mpigaji ndani ya wasifu wa milio. Siku hizi simu nyingi mpya huja nacho, ila kimezimwa, na wengi hawajui kama kipo.

Kabla ya kugusa chochote, elewa safari ya jina. Kwa kawaida mtandao hauleti jina la mtu, huleta namba. Simu inaipokea namba hiyo, inaitafuta kwenye orodha yako ya majina, ikiipata inachukua maandishi uliyoyahifadhi na kuyakabidhi kwa injini ya sauti, ambayo huyageuza kuwa matamshi. Mwisho sauti hutoka kwenye spika ya simu, spika za masikioni au redio ya gari. Hapo pana hatua nne: namba, jina, injini na mahali sauti inapotokea. Kila kinachoharibika katika kazi hii huharibika kwenye mojawapo ya hizo, kwa hiyo tutazifuata kwa mpangilio huohuo. Majina ya menyu tumeyaandika kama yanavyoonekana kwenye simu iliyowekwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo simu nyingi zilivyo.

Anza na orodha ya majina

Watu wengi hurukia mipangilio, wakawasha kipengele, kisha wakashangaa simu inatamka vitu visivyoeleweka. Simu husoma ulichoandika, kama kilivyo. Ukihifadhi "Fundi bomba MPYA 2" ukaongeza na kikatuni cha moyo, usitarajie isome "Fundi bomba" peke yake.

Chukua nusu saa, pitia watu ishirini au thelathini wanaokupigia zaidi, na urekebishe mambo haya:

Ondoa vikatuni na alama za mapambo. Injini nyingi huvisoma kwa maneno, na jina linarefuka kabla halijafika kwenye kiini chake. Ondoa nyota, alama za reli na nukta ambazo watu huweka mwanzoni ili jina lipande juu ya orodha. Kama unataka jina liwe juu, liweke kwenye vipendwa.

Usiandike jina zima kwa herufi kubwa, hasa jina fupi. "ALI" huenda likasomwa kama kifupisho, herufi moja baada ya nyingine. Andika "Ali".

Vifupisho viandike kwa kirefu. "Dkt", "Mwl", "Bw" na "Mch" zinasomeka kwa macho, lakini kwenye sauti huvunjika. Andika "Daktari", "Mwalimu", "Bwana", "Mchungaji".

Ongeza neno linalomtofautisha mtu. Kama una Juma watatu, "Juma wa Ofisini" na "Juma wa Kanisani" vitakusaidia, "Juma 1" na "Juma 2" vitakuchanganya. Jina lote lisizidi maneno matatu. Simu ikilia, unataka ujue ni nani kabla ya mlio wa pili.

Namba zenyewe zihifadhi kwa mfumo kamili wa kimataifa: alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, kisha namba bila sifuri ya mwanzo. Programu ya simu iliyokuja na kifaa kwa kawaida inajua kwamba namba inayoanza na sifuri na ile yenye msimbo wa nchi ni ya mtu mmoja. Programu za kuongeza mara nyingine hazijui, zinalinganisha namba kama zilivyo, zinakosa, na zinakutajia tarakimu badala ya jina.

Mwisho, hamisha majina yaliyo kwenye laini. Kadi ya laini huhifadhi majina mafupi tu, na jina refu hukatwa. Zaidi ya hapo, majina yaliyomo hayakubali kuwekewa mlio wake peke yake, jambo tutakalolihitaji baadaye. Kwenye programu ya majina tafuta "Import", chagua kadi ya laini kama chanzo, na uhifadhi kwenye akaunti yako au kwenye simu. Baada ya hapo unganisha majina yaliyojirudia.

Injini ya sauti na tatizo la Kiswahili

Hapa ndipo wasomaji wa Kiswahili wanapata shida kuliko wengine, na ndipo panapohitaji kazi zaidi. Injini ikiwa imewekwa Kiingereza, husoma majina yetu kwa kanuni za Kiingereza. "Makame" hutoka kama "Mekeimu", kwa sababu "e" ya mwisho katika Kiingereza hunyamaza na kuibadilisha irabu iliyotangulia. "Juma" hupata "yu" mahali pa "u". "Mzee" huweza kusomwa kama herufi M ikifuatwa na "zii". Mtu anaweza kuwa ndugu yako wa damu, na simu ikamtaja usimtambue.

Kwenye Android tiba ipo. Fungua Mipangilio, na kwenye kisanduku cha kutafuta juu andika "Text-to-speech". Ni haraka kuliko kufuata njia, maana kila kampuni imekificha mahali pake: kwenye simu nyingi kipo ndani ya "Accessibility" au "Languages & input", kwenye Samsung kipo "General management". Ukifika, angalia injini iliyochaguliwa. Ile ya Google inaitwa "Speech Services by Google", na inayo sauti ya Kiswahili. Gusa alama ya gurudumu kando yake, fungua sehemu ya kupakua sauti, tafuta Kiswahili, pakua, kisha rudi ukachague Kiswahili kama lugha ya injini. Ipakue kabisa iwe ndani ya simu. Sauti inayotegemea intaneti haifai kwa kazi hii, kwa sababu simu inaweza kukuita mahali pasipo na data.

Wapo wanaopenda eSpeak NG, injini ya bure ambayo nayo inasoma Kiswahili. Sauti yake ni kavu, ya kimashine, lakini ni nyepesi na inajibu papo hapo, na watumiaji wengi wa visoma skrini, yaani programu zinazomsomea asiyeona kilichoko kwenye skrini, wameizoea.

Kasi ishushe kidogo chini ya kawaida. Jina ni neno moja au mawili, halina sentensi ya kulisaidia kueleweka, tena linasemwa katikati ya kelele. Gusa "Play" usikilize mfano.

Kuna mtego mmoja. Maneno ya utangulizi, yale yanayosema kwamba kuna simu kutoka kwa fulani, hufuata lugha ya simu. Simu ikiwa ya Kiingereza na injini ikiwa ya Kiswahili, sauti ya Kiswahili inaweza kukabidhiwa maneno ya Kiingereza ikayatamka vibaya. Hilo halina madhara makubwa, kwani unachohitaji ni jina. Ukitaka kila kitu kikae sawa, weka simu nzima Kiswahili, maana Android inakubali. Vilevile sauti ya Kiswahili itayasoma majina ya kigeni kwa kanuni za Kiswahili, kwa hiyo "Michael" mwandike "Maiko" na "Joyce" mwandike "Joisi". Hakuna mwingine atakayeona ulivyowaandika.

Android: anza na kilichomo

Kama simu yako inatumia programu ya Simu ya Google, ifungue, gusa nukta tatu au mistari ya menyu, ingia "Settings", shuka hadi "Caller ID announcement", kisha "Announce caller ID". Utapewa machaguo matatu: kutaja kila mara, kutaja pale tu unapotumia spika za masikioni, au kutotaja kabisa. Chagua la kwanza kwa majaribio. Likifanya kazi, ndipo uamue kama la pili linakufaa zaidi.

Kama hukioni kipengele hicho, sababu ni mojawapo ya mbili. Ama programu ni ya zamani, basi isasishe kupitia Play Store, ama unayoifungua si ya Google bali ni ya kampuni iliyotengeneza simu. Zote zina picha ya kipokezi cha simu, ni rahisi kuzichanganya. Gusa na ushikilie alama yake, fungua maelezo ya programu, uone imeandikwa nini. Unaweza kusakinisha ile ya Google na kuifanya iwe programu kuu: Mipangilio, "Apps", "Default apps", "Phone app". Programu ambayo si kuu inaweza kukaa kwenye simu bila kupokea simu hata moja, na hivyo haitataja jina la mtu yeyote.

Samsung wana cha kwao. Fungua programu ya Simu, nukta tatu, "Settings", "Answering and ending calls", kisha uwashe "Read caller names aloud". Humo pia kuna chaguo la kutaja pale tu spika za masikioni zinapounganishwa. Palepale kuna njia nyingine za kupokea simu bila kuhangaika na skrini, kama kubonyeza kitufe cha kuongeza sauti. Ziwashe pamoja. Kujua anayepiga ukiwa na mikono michafu kunasaidia zaidi kama unaweza pia kupokea bila kugusa kioo.

Simu za kampuni nyingine, tafuta neno "announce" au "caller" ndani ya mipangilio ya programu ya Simu. Kikiwepo utakiona humo. Kisipokuwepo, usikimbilie Play Store kwanza. Soma sehemu ya kujitungia tangazo na ile ya programu za Play Store, zilizo mbele.

Na kama unatumia TalkBack, kisoma skrini cha Android, kwa sababu ya uoni, chenyewe hutaja anayepiga. Ukiwasha na kipengele cha programu ya Simu, utasikia sauti mbili zikigongana. Acha moja. Kugusa skrini mara mbili haraka kwa vidole viwili kunapokea simu na pia kunaikata, popote vidole vinapoangukia. Kwenye iPhone yenye VoiceOver, kisoma skrini cha Apple, ni ishara hiyohiyo.

iPhone

Apple waliweka kipengele hiki kwenye iOS 10, mwaka 2016. Kwenye iOS 18 na kuendelea, fungua Mipangilio, shuka hadi "Apps", chagua "Phone", kisha "Announce Calls". Kwenye matoleo ya nyuma, "Phone" iko moja kwa moja ndani ya Mipangilio. Machaguo ni manne: "Always", "Headphones & Car", "Headphones Only" na "Never". La pili ndilo tunalolipendekeza kwa watu wengi: linanyamaza ofisini na kwenye daladala, linasema pale unapohitaji.

Anayetaja jina ni Siri, msaidizi wa sauti wa Apple, na haina lugha ya Kiswahili. Hapa hupakui chochote, bali unaitumia sehemu ya matamshi ndani ya jina la mtu. Fungua jina, gusa "Edit", shuka hadi "add field", chagua "Pronunciation first name", na kama inahitajika "Pronunciation last name". Humo andika jina jinsi Mwingereza angeliandika ili litoke sawa. Hili halibadilishi jina linaloonekana kwenye skrini. Mifano ya kuanzia: Juma andika "Jooma", Makame andika "Mahkahmeh", Tatu andika "Tahtoo", Bahati andika "Bahhahtee". Kanuni ni rahisi: "a" iwe "ah", "e" ya mwisho iwe "eh", "i" iwe "ee", "u" iwe "oo". Majina yenye "mw" au "mz" mwanzoni yapenyezee irabu fupi, kama "Moo-zeh" kwa Mzee. Halitoki kamili, lakini unalitambua. Jaribu, sikiliza, rekebisha. Jina moja huhitaji majaribio mawili au matatu.

Ukiwa na AirPods, spika za masikioni za Apple, za kizazi cha pili au baadaye, Siri ikishataja jina hubaki ikisikiliza, ukaweza kukubali au kukataa kwa kusema tu. AirPods 4 na AirPods Pro 2, pamoja na iOS 18, zinakubali hata kutikisa kichwa: juu na chini kukubali, kushoto na kulia kukataa.

Faida nyingine ya iPhone ni kwamba simu za FaceTime hutajwa pia, na vilevile za programu nyingine zinazokubaliana na mfumo huo. Kwenye Android, kipengele cha programu ya Simu ya Google kinahusu simu zinazopita kwenye programu hiyo.

Kujitungia tangazo la Kiswahili

Hii ndiyo njia tunayoipenda kuliko zote kwa mwenye Android, kwa sababu inakupa sentensi ya Kiswahili, kwa sauti ya Kiswahili, kwenye mkondo wa sauti unaouchagua wewe. Inatumia programu za kuendesha kazi zenyewe. MacroDroid ina toleo la bure linalotosha kwa kazi moja kama hii, Tasker ni ya kulipia na ina uwezo mpana zaidi. Tunaeleza kwa MacroDroid.

1. Zima kwanza kipengele cha kutaja majina kwenye programu ya Simu, zisije zikasema mbili kwa pamoja.

2. Anzisha makro mpya, yaani orodha ya vitendo ambavyo simu itavifanya yenyewe jambo fulani likitokea. Kwenye sehemu ya vichochezi chagua simu inayoingia, na iwe ya mtu yeyote. Itakuomba ruhusa ya simu, ya majina na ya rekodi za simu. Zote tatu zinahitajika: tangu Android 9, programu isiyo na ruhusa ya rekodi za simu haionyeshwi namba inayoingia, inajua tu kwamba simu inalia.

3. Kwenye vitendo, ongeza kusubiri kwa sekunde 1. Bila hiyo, sauti huanza wakati mlio nao unaanza, na ukitumia Bluetooth neno la kwanza humezwa kwa sababu spika ilikuwa imelala.

4. Ongeza kitendo cha kusema maandishi, "Speak Text". Andika: "Simu. Inatoka kwa" kisha gusa kitufe cha nukta tatu kando ya kisanduku, uchague kipengee cha jina la mpigaji kijipachike chenyewe. Neno "Simu" lililotangulia na kituo chake vimewekwa makusudi. Likimezwa hilo, jina linabaki salama. Kwenye Tasker kipengee hicho ni %CNAME, na namba ni %CNUM.

5. Kwenye kitendo hichohicho chagua lugha ya Kiswahili, kasi na mkondo wa sauti. Mkondo wa mlio hufuata kiwango cha mlio. Mkondo wa muziki hufuata kiwango cha muziki. Ukichagua muziki, unaweza kushusha mlio hadi chini kabisa na kuacha jina likisikika kwa nguvu.

6. Ongeza kusubiri kwa sekunde 3, kisha urudie kitendo cha kusema mara moja tu, kwa sharti kwamba simu bado inalia. Usiweke marudio mengi bila sharti. Ukipokea simu mapema, sauti itaendelea kutaja jina la mtu ambaye tayari mnaongea naye.

Sasa mlio. Mlio wenye muziki mfululizo utalizamisha jina hata uongeze sauti vipi. Tafuta mlio mfupi wenye nafasi, au utengeneze mwenyewe kwa programu yoyote ya kuhariri sauti: sekunde 2 za mlio, sekunde 5 za ukimya. Simu hurudia faili lenyewe tangu mwanzo likiisha, kwa hiyo utapata mlio, kimya, mlio, kimya, na jina linaingia kwenye nafasi ile. Badiliko hili dogo linasaidia kuliko mipangilio mingine yote ya kiwango cha sauti.

Programu za kutaja majina zilizoko Play Store

Zipo nyingi na nyingine zinafanya kazi vizuri. Truecaller, kwa mfano, hutaja hata majina ya watu usiowahifadhi, kwa sababu ina hazina yake ya majina, ingawa kutaja kwa sauti ni kwa wanaolipia. Kabla ya kusakinisha yoyote, angalia inaomba nini na kwa nini.

Simu, majina, rekodi za simu: hizi zina maana, kama tulivyoona. Arifa: zina maana kama unataka itaje na simu za WhatsApp, kwani njia yake ni kusoma arifa inayotokea. Lakini fahamu kwamba anayesoma arifa huweza kusoma na nyingine, pamoja na ujumbe wa benki na namba za siri za mara moja. Ikiwezekana ndani ya programu hiyo, chagua WhatsApp peke yake. Ikiomba "Accessibility", kataa. Ruhusa hiyo humwezesha mwenye programu kuona kilichoko kwenye skrini na kugusa kwa niaba yako, na kutaja jina hakuhitaji hayo. Kamera, mahali ulipo na ujumbe mfupi navyo havihusiani na jina la anayepiga.

Rekodi jina kwa sauti yako mwenyewe

Njia hii haihitaji injini wala intaneti, na matamshi yake hayakosei kamwe. Inafaa hasa kwa mzee mwenye watu wanane au kumi wanaompigia mara kwa mara. Kila mtu anapewa mlio wake, na mlio huo ni sauti ya binadamu ikitaja jina.

Fungua kinasa sauti mahali patulivu. Shika simu umbali wa shibri moja kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isipige maikrofoni. Sema jina, nyamaza sekunde moja, lirudie: "Mwanao Asha anapiga… Mwanao Asha." Acha sekunde 2 za ukimya mwishoni. Faili zima liwe kati ya sekunde 6 na 10. Kata ukimya wa mwanzo usizidi nusu sekunde, la sivyo simu itaonekana kama inachelewa kuita.

Kwenye Android hamishia faili kwenye folda iitwayo "Ringtones" katika hifadhi ya ndani. Kisha fungua jina la mtu kwenye programu ya majina, nukta tatu, "Set ringtone", uchague faili lako. Kama chaguo halionekani, huenda jina hilo liko kwenye kadi ya laini, lihamishe. Kwenye iPhone tumia GarageBand, programu ya Apple ya kutengeneza muziki: ingiza sauti yako, ihamishe kama mlio, kisha fungua jina la mtu, "Edit", "Ringtone". Mlio usizidi sekunde 30.

Kama mzee anasikia vizuri sauti nzito kuliko nyembamba, mwenye sauti nzito nyumbani ndiye arekodi majina yote. Na kila mtoto akirekodi jina lake mwenyewe, mzee hapati tu jina, anaisikia na sauti ya anayempigia.

Bluetooth na gari

Spika nyingi za Bluetooth husoma tarakimu za namba kwa Kiingereza hata kama mtu umemhifadhi. Si kwamba zimeharibika. Njia ya simu ya Bluetooth huipelekea spika namba tu; jina linahitaji ruhusa ya pili, ya kushiriki orodha ya majina. Fungua mipangilio ya Bluetooth ya simu, gusa kifaa hicho, uone kama kuna swichi ya kushiriki majina na historia ya simu. Kwa gari, iwashe, subiri dakika chache majina yahamie, na gari litaonyesha jina, na baadhi ya magari yatalitaja. Gari la kukodi au la mtu mwingine usilishirikishe majina yako. Ukishalishirikisha, futa simu yako kwenye orodha ya gari kabla hujarudisha funguo.

Spika ikitaja namba huku simu ikitaja jina, zima ya spika kupitia programu ya kampuni iliyoitengeneza, ubaki na ya simu.

Ikikataa kusema

Jaribu kwa simu nyingine, si kwa laini yako ya pili iliyomo kwenye simu hiyohiyo, kwani laini moja ikipiga, ile nyingine mara nyingi haipatikani. Tenga tatizo kwa kuangalia skrini: jina linaonekana? Kama skrini yenyewe inaonyesha namba, tatizo ni orodha ya majina, usihangaike na sauti. Kama jina linaonekana lakini halisemwi, rudi kwenye injini na ugonge "Play". Injini ikiongea hapo na simu ikanyamaza wakati wa kuita, angalia kama umeweka hali ya kimya, mtetemo au "Do Not Disturb".

Ikiwa ilifanya kazi wiki nzima kisha ikaacha, mshukiwa ni usimamizi wa betri. Simu nyingi za Android huzima programu zinazokaa nyuma. Fungua maelezo ya programu, "Battery", uchague isiwekewe mipaka, na kama kuna swichi ya kujiwasha yenyewe simu inapowaka, iwashe.

Ikiwa ilifanya kazi miezi mitatu au zaidi kisha ikanyamaza ghafla, kuna sababu nyingine. Tangu Android 11, mfumo huondoa ruhusa za programu ambazo hujazifungua kwa miezi kadhaa. Programu ya kutaja majina ni ile ambayo hutakaa uifungue, inafanya kazi kimyakimya, kwa hiyo huangukia hapo. Rudisha ruhusa, kisha chini ya ukurasa huohuo zima swichi inayosimamisha programu zisizotumika.

Ikitaja tarakimu mara moja tu, mara tu baada ya simu kuzimwa na kuwashwa, fungua kufuli kwa namba ya siri. Kabla hujaifungua mara ya kwanza, majina yako bado yamefungwa kwa usimbaji, na simu haiwezi kuyasoma hata ikitaka.

Na anayeficha namba yake hatatajwa na njia yoyote kati ya hizi. Hakuna namba inayofika, basi hakuna jina la kutafutwa. Kwenye makro yako unaweza kuweka sharti: jina likikosekana, iseme "Simu ya mtu usiyemhifadhi", ujue kabla hujanawa mikono.